Sahani ya Bati

Unga, hapa Isanga, hauumuki kwa kubembelezwa.
Baridi ya Machi hushuka kutoka Loleza,
huingia bila hodi, hukaa kwenye bakuli,
na hamira inalala.
Basi nimelifunga bakuli kwa sweta la shule la Hidaya,
mikono ya sweta nikaipiga fundo kifuani,
nikaliweka karibu na jiko kama mgonjwa.
Kila nikipita naligusa tumbo.

Saa kumi na moja mvua ikatua juu ya mabati.
Mvua ya kwetu hainong'oni.
Adhana ikizama humo, huipati tena.
Ndiyo maana Ambokile, mtoto wa jirani,
mtoto wa kwaya ya Moraviani,
hujifunika mfuko wa mbolea
na kusimama pembeni mwa msikiti, sikio nje,
kisha huja mbio, matope hadi magotini:
"Tayari! Mama Hidaya, tayari, kuleni!"
Siku ya ishirini na tatu leo
tunafuturu kwa mdomo wake.

Tende moja moja. Maji.
Halafu kaimati: nazichota kwa vidole,
nazidondosha mafutani,
zinazama, zinafikiri kidogo,
zinaibuka na rangi ya tofali la kuchoma.
Shira nimeipika kwa hiliki na kwa hesabu,
maana sukari mwezi huu
inapimwa kama dhahabu ya Chunya.

Sahani ya kwanza haikai kwetu.
Mama mkwe aliniachia sheria hiyo
pamoja na sahani yenyewe, ya bati,
maua yake yamebanduka, yamebaki mawili:
ukuta wa pili kwanza, ndipo tumbo lako.
Nikaivusha chini ya kitenge.

Mama Ambokile akaipokea kwa mikono miwili.
Akainusa. Akafumba macho.
Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.
"Ndaga, jirani. Lakini mimi niko Kwaresima.
Mwaka huu nimeacha sukari.
Chai naimeza chungu kama dawa ya minyoo.
Nilidhani ni jambo dogo."

Tukabaki mlangoni, wafungaji wawili,
mmoja kafungua, mwenzake bado,
mvuke wa shira ukipanda kati yetu
kama mtoto asiyejua ashike mkono upi.
Dirisha langu na lake yanatazamana.
Siku ishirini na mbili nimemnusisha,
na hakusema neno.

Kaimati wakala watoto.
Sahani ikarudi kabla ya isha,
na ndani yake viazi vitamu vitatu
vilivyochomwa majivuni, ganda limepasuka.
"Hivi hakuna aliyevitia sukari," akasema.
"Wamevizaa nayo huko Tukuyu."
Nilivila kwenye daku, vimepoa,
nimesimama gizani, mume wangu akikoroma,
na sijui kwa nini sikutaka kumwamsha
hadi nilipomaliza cha pili.

Idi ikaja. Mwezi hatukuuona,
ukungu uliufunika, tukaamini redio.
Akaja na kigoda chake mwenyewe,
akala pilau, akaomba ukoko,
tambi akazisogeza kwa ncha ya kidole.
"Bado ishirini," akasema.
Kesho yake nikajikuta nasema: kumi na tisa.
Hakuna aliyeniamuru.

Jumapili ile, kuku hajawika,
Hidaya akanikuta jikoni
nalifunga bakuli kwa sweta lake.
"Mama, Ramadhani imerudi?"

Haijarudi. Vaa viatu.
Chukua ule mfuko wa mbolea ukutani kwao,
nenda hadi pale njia inapokata,
usivuke, usipige kelele.
Wako makaburini, wanalisubiri jua.
Wakimaliza wimbo wa mwisho
kimbia, mwanangu, uniambie.
Mafuta nayaweka motoni sasa hivi.